Kuni za Mtoto Asiyezaliwa

Nilikuwa natafuta majina ya vijiji vya kale vya Walikale, mashariki mwa Kongo, nilipokutana na mzigo wa kuni, na tangu hapo mzigo huo haujanitoka akilini. Umo katika utendi wa Mwindo, simulizi kuu ya Banyanga, watu wa huko. Shé-Kárisi Candi Rureke aliutamba mwaka 1956 mbele ya mwanaanthropolojia Mbelgiji, Daniel Biebuyck, na mwaka 1969 Biebuyck aliuchapisha kama kitabu pamoja na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha.

Mambo yalikuwa hivi. Shemwindo, mwami, yaani mtawala, wa Tubondo, amewaita wake zake saba na kuwapa amri: wazae mabinti watupu. Atakayezaa mtoto wa kiume, mtoto huyo atauawa. Wake sita wanajifungua siku moja, wote mabinti. Wa saba, kipenzi cha mwami, mimba yake imepitiliza. Yumo nyumbani peke yake na wasiwasi wake, mara anaona mlangoni kuna mzigo wa kuni. Nani kauleta? Hakuna aliyepita. Baadaye anatazama ndani, anakuta mtungi wa maji umejiingiza wenyewe. Hajamaliza kushangaa, mboga nazo zinafika. Rureke hawafichi wasikilizaji wake: aliyeleta vyote hivyo ni mtoto aliye tumboni.

Mtu aliyepita barabara za Masisi, jirani na Walikale, asubuhi anaujua mzigo huo na anajua unabebwa na nani. Kamba hupita kwenye paji la uso, mgongo huinama, pengine mtoto huning'inia kifuani. Kuni, maji, mboga: hizo ndizo kazi tatu za kwanza za siku ya mwanamke. Shujaa mkuu wa Banyanga, atakayekuja kupigana na joka na kupanda hadi mbinguni, anaanza ushujaa wake kwa kumtua mama yake mizigo hiyo mitatu, kabla hata hajapewa jina. Mtambaji angeweza kumfanya aue simba akiwa tumboni. Alimpa kuni.

Rureke hakuisoma hadithi hii popote. Aliipata kwa kumfuata mtambaji mkubwa na kumsaidia kazi mpaka ikamkaa. Banyanga husema ni Karisi, roho, anayetaka utendi utambwe. Mtambaji huimba, huigiza, hucheza, manyanga ya kibuyu mkononi na njuga miguuni, huku vijana wakigonga mti kumpa mapigo. Mwili wake humpa sauti mwami, humpa sauti mke, humpa sauti shangazi. Kwa saa nzima mwanamume mzima huwa shangazi huyo, Iyangura, na hakuna anayemcheka.

Lakini Rureke hanirahisishii mambo. Siku ya kuzaliwa ikifika, mtoto yule yule aliyeleta kuni anakataa kutoka kwa njia ya kawaida, asije akachekwa kwamba ni mwana wa mwanamke. Kwa mdomo pia hataki, wasije wakasema ametapikwa kama popo. Anapanda hadi mkononi na kutokea kwenye kidole cha kati cha mama yake, anatembea, anasema, ana usinga wake mkononi. Kumbebea mama mzigo sawa, kuitwa mwanawe aibu? Swali hilo sijalipatia jibu, na nadhani Rureke aliliacha wazi makusudi.

Baba anamrushia mikuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa majini. Mtoto, ambaye ndiye Mwindo, anakwenda kwa shangazi yake, Iyangura, mke wa Mukiti, nyoka mkuu wa majini. Kuanzia hapo kila mahali ushujaa unaposhindwa, kuna mwanamke. Mwindo anaposhuka kuzimu kumsaka babake, aliyekimbilia huko baada ya vita vya Tubondo, mwisho wa kamba anaushika shangazi: kamba ikitulia, ajue kijana amekufa. Huko chini, Kahindo mwenye vidonda vya buba, binti wa Muisa, mmoja wa wakuu wa huko, anamwonya kuhusu mitego yote ya Muisa, na Mwindo anamsafisha vidonda vyake. Iyangura ndiye anayemtaka awafufue watu wa Tubondo waliouawa vitani.

Mwindo anamrudisha babake Tubondo, kisha inakuja hukumu. Viti vitatu vya shaba vinashuka kutoka mbinguni: kimoja cha baba, kimoja cha mwana, kimoja cha shangazi. Mbele ya watu wote Shemwindo anakiri. Iyangura naye anamkemea ndugu yake waziwazi kwamba amekosa kubagua watoto, kuwaita hawa wema na wale wabaya, ilhali hakujua kilichomo tumboni mwa mkewe.

Hoja inayofanana na hiyo imesikika kwingine pia. Chama cha Teosofia, kilichoanzishwa New York mwaka 1875 na Helena Blavatsky na Henry Steel Olcott, kinataka udugu wa binadamu usiobagua jinsia, na wafuasi wake wengi huamini kwamba roho moja huvaa mwili wa kiume safari hii na wa kike safari nyingine. Iyangura hahitaji fundisho la roho kurudi. Yeye anasema tu kwamba anayehukumu kabla ya kuona amehukumu vibaya.

Leo sheria zipo. Katiba ya Kongo ya 2006 inataka usawa katika kifungu cha 14, na sheria ya usawa ilifuata mwaka 2015. Hata hivyo, katika migodi mingi ya Kivu bado husemwa kwamba mwanamke akikaribia shimo madini hupotea, ingawa mchanga unaotoka humo huruhusiwa kuubeba, kuuosha na kuutwanga. Na waliokimbia vita vya Masisi hadi kambi za Goma walikuta kuni zimekuwa hatari: mwaka 2023 na 2024 madaktari wa Médecins Sans Frontières waliwatibu wanawake wengi waliobakwa walipokwenda kuzitafuta.

Tarehe 27 Juni 2025, makubaliano ya amani ya Kongo na Rwanda yaliposainiwa Washington, aliyetia saini kwa niaba ya Kongo alikuwa mwanamke, waziri wa mambo ya nje Thérèse Kayikwamba Wagner. Nalihesabu jambo hilo kuwa kubwa. Ila Iyangura alifanya zaidi ya kuwepo kikaoni: alimwambia mwenye madaraka wa ukoo wake, hadharani, kwamba amekosa, na hukumu ikakubaliwa. Aliweza kwa sababu alikuwa dada wa mwami. Mabinti sita wa Tubondo, waliozaliwa kwa amri na kupendwa kwa amri, wao hawakupewa kiti. Je, walitakiwa kwa ajili ya mahari, au kwa kuwa binti hamrithi baba? Na mwanamke wa Walikale asiye dada wa mkubwa yeyote atasema wapi akasikilizwa?