MTOTO WA ASKARI NA MAAJABU YA RWENZORI

Askari apelekwapo Kasese au Bwera pamoja na jamaa yake, watoto ndio wa kwanza kuyainua macho milimani, na ndio wa kwanza kuuliza. Si vyema mzazi awanyamazishe kwa kuwa amechoka na lindo. Anayeilinda nchi yampasa aijue, na akisha kuijua, awafundishe walio nyumbani mwake. Yafuatayo ni baadhi ya maswali yao, pamoja na majibu.

Mbona kuna theluji penye jua kali? Ni kweli kwamba mstari wa ikweta unapita katika wilaya ya Kasese. Lakini kilele cha Margherita kina urefu wa mita 5,109, na Rwenzori ni ya tatu kwa urefu barani Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Wakonzo, wenyeji wa milima hiyo, huiita theluji nzururu. Tena Rwenzori haikuzaliwa na moto wa volkano kama Kilimanjaro. Ni jabali kubwa lililosukumwa juu ardhi ilipopasuka.

Mimea huishije huko? Karibu na vilele, mchana huwa na jua na usiku huwa na baridi ya kugandisha maji, mwaka mzima. Lobelia, ambayo Ulaya ni ua dogo la bustani, huku humpita kimo askari mrefu. Jua likitua, hukunja majani yake na kulifunika chipukizi, mfano wa mtu aliyejitanda blanketi. Senesio kubwa nayo haiyatupi majani yake makavu, bali huyaacha yalizunguke shina kama koti la baridi.

Ni nani apigaye kelele msituni usiku? Mara nyingi ni perere, mnyama wa kukaa mtini, aliye na ukubwa kama wa sungura. Yowe lake humshtua mlinzi mgeni, akadhani kuna mtu anayechinjwa. Hata hivyo, miongoni mwa wanyama walio hai leo, jamaa wa karibu wa perere ni tembo na nguva! Kiboko naye, anayejaa katika mkondo wa Kazinga uunganishao maziwa George na Edward, ni ndugu wa nyangumi wa baharini kuliko wa nguruwe. Majimaji mekundu ya ngozini mwake si damu, bali ni kinga dhidi ya jua na vijidudu. Mtoto aonywe asikae kati ya kiboko na maji.

Je, kuna kiumbe kilacho mawe? Kipo, ila hakionekani kwa macho. Mgodi wa Kilembe ulitoa shaba tangu 1956 hadi 1982, ukaacha marundo ya masalio Kasese. Kuanzia 1999, kwa miaka kadhaa, bakteria walitumiwa kuyavunjavunja masalio hayo ya chuma na salfa, ikapatikana kobalti.

Lakini mtoto mwerevu atauliza swali zito zaidi: maajabu haya yatadumu? Mwaka 1906, mwana wa kifalme wa Italia, Mtawala wa Abruzzi, alipofika kileleni, barafu ilienea zaidi ya kilomita za mraba sita. Kufikia 2003 ilikuwa imebaki pungufu ya moja, kwa sababu ya joto la dunia kuongezeka. Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika, ukabomoa nyumba na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Mvua kubwa ndiyo iliyoleta mafuriko hayo. Lakini kilima kilichokatwa miti hakina cha kuyazuia maji wala udongo.

Kwa hiyo, askari akataye miti ovyo kwa kuni, au auonaye mtego wa waya mbugani akapita kimya, anampokonya mwanawe mwenyewe. Asubuhi ya siku ya mapumziko, kabla mawingu hayajaifunika milima, mtoe mwanao nje umwonyeshe. Kisha mwache aulize.