Mzigo una karatasi ya kuvukia mpaka, mtoto anayekosa shule hana

BUSIA/TORORO – Asubuhi ya siku ya shule, njia zinazoelekea mpaka wa Busia huwa na misafara miwili. Mmoja ni wa wenye mizigo: wauza nyanya, mayai, mitumba na dagaa ambao Kenya huitwa omena na Uganda huitwa mukene. Mwingine ni wa watoto waliovaa sare. Wapo wanaotoka Sofia, upande wa Uganda, kwenda kusoma Kenya, na wapo wanaotoka Marachi, upande wa Kenya, kwenda kusoma Uganda. Hali ni hiyo hiyo Malaba, katika Wilaya ya Tororo, ambako watoto hupita kando ya foleni ya malori.

Mwenye mzigo anajua karatasi anayohitaji. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, huvuka kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa hapo hapo mpakani. Mtoto hana karatasi ya namna hiyo. Akikosa shule upande mmoja kwa sababu mama yake yuko sokoni upande wa pili, hakuna daftari linalovuka kumfuata.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, hili si jambo dogo. Sheria za nchi zote mbili zinamtaka mzazi kuhakikisha mtoto yuko darasani, na nchini Kenya kosa hilo lina faini na kifungo. Lakini hasara kubwa zaidi humwangukia mtoto, anapofutika kwenye daftari la shule moja bila kuandikwa kwenye daftari la shule nyingine.

Sheria inasemaje

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ndiyo inayoeleza wajibu wa mzazi. Mzazi ambaye mtoto wake ni Mkenya, au anaishi Kenya, lazima ahakikishe mtoto huyo anahudhuria shule kila mara. Asiyefanya hivyo anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000 za Kenya, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili.

Maneno “anaishi Kenya” yana uzito kwa watu wa Busia na Malaba. Mfanyabiashara wa Uganda aliyepanga chumba Marachi na kuishi humo na watoto wake hawezi kujitetea kwamba sheria hiyo ni ya Wakenya peke yao.

Sheria hiyo imempa kazi mwalimu mkuu pia. Mwanafunzi akikosa shule, mwalimu mkuu anatakiwa achunguze sababu. Akiona hakuna sababu ya maana, humwandikia mzazi ilani ya kumtaka atii sheria, kisha hupeleka taarifa ya mtoto huyo kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Kwa hiyo, mwalimu anayepiga simu kuuliza mtoto yuko wapi hamwingilii mtu katika mambo ya nyumbani kwake. Anatimiza wajibu wake. Ilani ya maandishi nayo si samansi ya mahakama. Ni nafasi ya mzazi kueleza kilichotokea na kumrudisha mtoto kabla mambo hayajafika mbali.

Nchini Uganda, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, unaojulikana kama UPE, ulianza mwaka 1997. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inasema elimu ya msingi ni ya lazima kwa mtoto kuanzia umri wa miaka sita, na kila mtoto anapaswa kuanza na kumaliza miaka saba. Mzazi au mlezi ndiye anayetakiwa kumwandikisha mtoto shuleni, kumlisha, kumvisha, kumpa malazi na matibabu, na kugharamia usafiri wake.

Kipengele cha chakula huwagusa wafanyabiashara moja kwa moja. Mama anayeondoka alfajiri bila kuacha mpango wa chakula cha mchana anaweza kurudi jioni na kukuta mtoto alikuwa shuleni asubuhi tu. Kwenye rejista ya mchana, hakuwapo.

Zaidi ya sheria ya nchi, Sheria ya Serikali za Mitaa ya Uganda ya mwaka 1997 inazipa halmashauri za wilaya na za ngazi za chini mamlaka ya kutunga kanuni zao. Mzazi anayehamia kijiji kipya Busia au Tororo anafanya vyema kumuuliza mwenyekiti wa LC1 ni kanuni zipi za mahudhurio zinazotumika hapo.

Kalenda mbili, nyumba moja

Tatizo la mpakani huanza hata kabla ya utoro. Huanza na kalenda. Mwaka 2024, muhula wa kwanza wa Kenya ulianza Januari 8, na wa Uganda ukaanza Februari 5. Kwa wiki nne, watoto wa upande mmoja walikuwa darasani huku wenzao wa upande wa pili wakiwa likizoni. Aprili mambo yaligeuka. Kenya ilifunga shule wakati Uganda bado inasoma, kisha mafuriko yakaifanya serikali ya Kenya kusogeza mbele ufunguzi wa muhula wa pili hadi Mei 13.

Mwisho wa mwaka ndipo pengo linapokuwa kubwa. Muhula wa tatu wa Kenya mwaka huo ulimalizika Oktoba 25 kwa wanafunzi wasio na mitihani ya kitaifa. Uganda ilifunga Desemba 6. Hizo ni wiki sita, na ni wiki ambazo biashara huanza kuchangamka kuelekea Krismasi.

Kwa familia yenye watoto pande zote mbili, kipindi hicho ni mtego. Mtoto anayesoma Kenya yuko nyumbani na anaweza kumsaidia mama kwenye meza ya sokoni. Mdogo wake anayesoma Uganda anamwona kaka yake akienda sokoni kila siku na kuuliza kwa nini yeye avae sare. Mama naye, akiwa na mzigo mkubwa na mikono michache, anaweza kukubali “siku mbili tu”. Siku mbili zikawa wiki.

Mapema Novemba, katikati ya kipindi hicho hicho, Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, huendesha mtihani wa kumaliza shule ya msingi, PLE. Mtihani huo hudumu siku mbili. Mtoto wa darasa la saba aliyeandikishwa Tororo au Busia na kuonekana ng'ambo wiki hiyo anaweza kupoteza kazi ya miaka saba. Usajili wa mtihani wenyewe hufanyika miezi mingi kabla, hivyo mtoto aliyekuwa safarini na mzazi wakati wa usajili naye yumo hatarini.

Kupotea kati ya madaftari mawili

Tuseme mama wa Malaba, upande wa Uganda, anapata kibanda Busia ya Kenya. Hana wa kumwachia mtoto wake wa darasa la tano, basi anaondoka naye. Anadhani ni kwa mwezi mmoja. Biashara inakubali, mwezi unakuwa muhula. Kule alikotoka, mwalimu wa darasa anaweka alama ya kutokuwepo siku baada ya siku, kisha mtoto anahesabiwa miongoni mwa walioacha shule. Huku alikokwenda, hajaandikishwa popote, kwa sababu mama alisubiri kwanza kuona kama atakaa.

Mama huyo akiamua hatimaye kumpeleka shule ya Kenya, atakutana na swali la cheti cha kuzaliwa. Mfumo wa NEMIS, uliotumika kuwasajili wanafunzi wa Kenya, ulijengwa juu ya namba ya cheti hicho, na fedha ambazo serikali hupeleka shuleni zilifuata idadi ya wanafunzi waliosajiliwa. Uganda nayo ina mfumo wake, EMIS, ambao humpa mwanafunzi namba yake ya utambulisho. Mwanafunzi akihama kutoka shule moja ya Kenya kwenda nyingine ya Kenya, taarifa zake huhamishwa ndani ya mfumo mmoja. Akivuka daraja la Malaba, anatoka kwenye mfumo wa nchi moja na kuingia wa nchi nyingine, na kinachoweza kuunganisha historia yake ni karatasi zilizo mkononi mwa mzazi.

Kuna pia suala la darasa lenyewe. Uganda ina miaka saba ya msingi inayoishia kwenye PLE. Kenya ilifanya mtihani wake wa mwisho wa KCPE mwaka 2023 na sasa ina miaka sita ya msingi, kisha miaka mitatu ya sekondari ya chini. Mtoto asiye na ripoti ya shule alikotoka hupimwa kwa kukisia, na mara nyingi kukisia huko humrudisha darasa la nyuma.

Sokoni na migodini

Mpaka huu umeshaona kinachotokea watoto wanapokaa mbali na darasa kwa muda mrefu. Uganda ilifunga shule Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Baadhi ya madarasa yalirudi kwa awamu, yakafungwa tena Juni 2021, na shule zote zikafunguliwa Januari 10, 2022. Kenya ilikuwa imefungua madarasa yote Januari 4, 2021. Kwa mwaka mzima, kengele ya shule ya Kenya ilisikika upande ambao shule zilikuwa kimya kwa miezi mingi.

Mei 2021, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu ajira ya watoto wakati wa Korona katika nchi za Ghana, Nepal na Uganda. Ilieleza jinsi kufungwa kwa shule na kukatika kwa kipato cha wazazi kulivyowasukuma watoto kwenye migodi ya dhahabu, machimbo ya mawe, mashamba na uchuuzi wa barabarani. Wilaya ya Busia ya Uganda ina wachimbaji wadogo wa dhahabu, katika maeneo kama Tiira, na Tororo ina machimbo ya mawe. Mtoto aliyezoea kupata shilingi zake huko si rahisi kumrudisha kwenye dawati.

Ndiyo maana sheria hazimtazami mzazi peke yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza mtu yeyote kumwajiri mtoto wa umri wa shule katika kazi inayomzuia kusoma. Mwenye duka anayempa mtoto wa jirani kazi ya kubeba mizigo siku ya Jumatano asubuhi anapaswa kujua kwamba naye yumo ndani ya sheria.

Kabla ya kufunga mzigo

Mambo mengi yanayomweka mzazi matatani yanaweza kuzuiwa kwa dakika chache.

La kwanza ni taarifa. Mtoto akiugua, au familia ikiwa na msiba ng'ambo, mwalimu wa darasa aambiwe siku hiyo hiyo, aelezwe sababu na siku ambayo mtoto anatarajiwa kurudi. Ujumbe wa simu wenye jina la mtoto, darasa na tarehe hubaki kama ushahidi. Kama mtoto alitibiwa, karatasi ya zahanati ihifadhiwe, hata kama ni ya nchi ya pili.

La pili ni namba ya simu. Wafanyabiashara wengi wa mpakani wana laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, na mara nyingi shule ina ile iliyozimwa. Shule ipewe zote mbili, pamoja na namba ya mtu mzima anayebaki nyumbani.

La tatu ni huyo mtu mzima. Shangazi, bibi au jirani anayelala na watoto mzazi anaposafiri ajulishwe kwa mwalimu kwa jina, ili aweze kuulizwa na aweze kujibu. Kumwachia mtoto wa miaka kumi na mbili wadogo zake ni kumfanya yeye mwenyewe kuwa mtoro.

La nne ni uhamisho. Anayehama kweli achukue barua ya uhamisho na ripoti ya mwisho kabla ya kuondoka, awe na cheti cha kuzaliwa, na amwandikishe mtoto shule mpya wiki ya kwanza. Shule ya zamani ikijua mtoto amekwenda wapi, haitamhesabu kama aliyeacha.

La tano ni kalenda. Familia yenye watoto pande zote mbili ibandike ukutani kalenda za nchi zote mbili, ili mipango ya safari ndefu ifuate likizo ya mtoto husika, si ya mwenzake.

Yaliyobaki ni ya serikali. Mei 2017, wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, ili mwanafunzi wa chuo kikuu na vyeti vyake wavuke mipaka kwa urahisi. Februari 2018, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambako maafisa wa nchi mbili hukagua mzigo chini ya paa moja. Mtoto wa darasa la tano bado anasubiri mpango wa namna hiyo, ambao ungemwezesha mwalimu mkuu wa Malaba kumuuliza mwenzake wa Busia swali moja tu: je, huyu mtoto yuko kwako?

Hadi siku hiyo, anayeweza kulijibu swali hilo ni mzazi, na simu tayari iko mkononi mwake.