Mbona kipimo cha malaria bado chaonyesha ugonjwa baada ya dawa?

Mtoto aliyetibiwa malaria wiki mbili zilizopita anashikwa na homa tena. Mama anamrudisha zahanati, mtoto anadungwa kidole, na baada ya robo saa kipimo kinaonyesha mistari miwili kama mara ya kwanza. Wazazi wengi hapo hukata kauli kwamba dawa haikufanya kazi. Huenda sivyo, na kosa hilo laweza kumfanya mtoto arudie dawa za malaria huku nimonia ikiendelea kumdhuru.

Kile kipande cha plastiki hakioni vimelea vya malaria. Anayeviona ni mtaalamu wa maabara akitumia darubini. Kipimo cha haraka hutafuta alama yao tu, na katika vipimo vingi alama hiyo ni protini iitwayo HRP2, ambayo vimelea vya aina ya Plasmodium falciparum huitoa katika damu. Aina hiyo ndiyo inayosababisha visa vingi vya malaria hapa Kenya.

Ndani ya plastiki mna ukanda unaofyonza majimaji kama utambi wa taa ya koroboi unavyofyonza mafuta. Tone la damu huwekwa pamoja na majimaji maalum yanayopasua chembe za damu na kuisukuma mbele. Njiani damu hukutana na kingamwili zilizotengenezwa kiwandani na kubebeshwa chembechembe ndogo mno za dhahabu. (Naam, ni dhahabu halisi, ingawa hakuna sonara atakayekununulia.) HRP2 ikiwapo, kingamwili hizo huishika na kusafiri nayo hadi penye herufi T, ambapo kingamwili nyingine zimewekwa kuinasa. Dhahabu ikijazana hapo, mstari mwekundu hutokea. Hata ukiwa hafifu, unahesabiwa.

Mstari wa herufi C huonyesha tu kwamba majimaji yamepita sawasawa. Usipotokea, kitupe kipimo hicho na upimwe upya, hata kama T imeonekana. Wala usikiache mezani ukakisoma jioni, kwani muda ulioandikwa na mtengenezaji ukipita, majibu hayaaminiki.

Sasa turudi kwa yule mtoto. Dawa huua vimelea, lakini HRP2 waliyoiacha hubaki ikizunguka katika damu kwa wiki kadhaa, wakati mwingine hata zaidi ya mwezi. Kipimo kinaikuta na kuchora mstari, kwa kuwa hakiwezi kutofautisha kimelea kilicho hai na mabaki ya kilichokufa.

Kwa hivyo, ufikapo zahanati, mwambie muuguzi tarehe mtoto alipotibiwa, dawa aliyopewa, na kama aliimaliza dozi. Kisha omba apimwe kwa darubini. Mtoto anayepumua kwa kasi, anayeshindwa kunyonya au kunywa, au aliyepatwa na degedege apelekwe hospitali mara moja, haidhuru kipimo kimesema nini.

Kuna pia kinyume chake. Mwaka wa 2010 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya vimelea nchini Peru havina kabisa jeni ya kutengeneza HRP2, na baadaye vya namna hiyo vikapatikana Eritrea na Ethiopia. Mgonjwa mwenye vimelea hivyo anaweza kuambiwa hana malaria ilhali anayo. Homa isiyoshuka basi irudishwe kwa daktari, hata kama mstari wa T haukuonekana.