Vidonge vya Kukoma Hedhi: Uliza Kwanza

Jioni moja mama mmoja wa darasa letu la kisomo mkoani Iringa alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, huu ni mwezi wa Juni. Watu wanajifunika mablanketi mawili, mimi usiku natokwa jasho. Je, nimerogwa?"

Nilimjibu, "Hapana mama, hujarogwa."

Akaendelea. Jirani amemshauri anunue vidonge mjini. Lakini dada yake alikufa kwa kansa ya titi, naye anaogopa. Swali lake ni zuri. Tulijibu sote.

Kukoma hedhi ni nini?

Mwili wa mwanamke hutengeneza vichocheo viitwavyo homoni. Kwa kawaida, kati ya miaka 45 na 55 homoni hizo hupungua, na hedhi hukoma. Mwanamke aweza kusikia joto la ghafla, kutokwa jasho usiku au kukosa usingizi. Huo si ugonjwa. Ni hatua ya maisha. Lakini wengine hutaabika sana, na ndipo daktari aweza kuwapa dawa za homoni. Homoni moja hurudisha ile iliyopungua. Ya pili huongezwa ili kulinda mfuko wa uzazi usipate kansa.

Kalamu ilifanya kazi

Je, dawa hizo zina madhara? Daktari Valerie Beral, mzaliwa wa Australia, alitafuta jibu huko Oxford, Uingereza. Kati ya mwaka 1996 na 2001, yeye na wenzake waliwapa wanawake zaidi ya milioni moja karatasi za maswali. Una umri gani? Hedhi ilikoma lini? Unatumia dawa gani? Akina mama walisoma, wakajibu kwa kalamu. Kisha watafiti waliwafuatilia miaka mingi.

Majibu yalitolewa mwaka 2003. Wanawake waliokuwa wakitumia homoni mbili pamoja walipata kansa ya matiti karibu mara mbili ya wale ambao hawakutumia kabisa. Mwaka mmoja kabla, 2002, jaribio kubwa la dawa hizo huko Marekani lilisimamishwa kwa sababu ya madhara, kansa ya matiti ikiwamo.

Mwaka 2019 Daktari Beral na wenzake walijumlisha tafiti 58. Tuseme wanawake 50 wa nchi tajiri wanaanza homoni mbili za kila siku wakiwa na miaka 50, wakazitumia miaka 5. Hadi kufikia miaka 69, ataongezeka mgonjwa 1 wa kansa ya titi, juu ya wale ambao wangeugua hata bila dawa. Homoni moja peke yake huongeza hatari ndogo kuliko hiyo: mgonjwa 1 katika 200. Daktari Beral alifariki mwaka 2022, lakini hesabu zake zinatusaidia.

Basi tufanye nini?

Dawa hizi si sumu, wala si peremende. Usinunue dukani kwa kushauriwa na jirani. Nenda zahanati. Eleza umri wako, hedhi ilikoma lini, na kama katika ukoo kuna aliyeugua kansa ya titi. Daktari atapima faida na hatari kwako wewe.

Ukiona uvimbe kwenye titi, hata usiouma, usingoje. Vivyo hivyo ngozi ya titi ikibonyea, chuchu ikiingia ndani au ikitoa damu. Uvimbe mwingi si kansa, lakini ni lazima upimwe. Nchini kwetu akina mama wengi hufika hospitali wamechelewa. Zahanati yaweza kukupa rufaa, hata kufika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Na ukitokwa damu tena baada ya hedhi kukoma mwaka mzima, nenda upimwe mara moja.

Yule mama aliandika majibu yake katika daftari, akaenda nalo zahanati. Aliandika mwenyewe.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini ni vizuri kuandika tarehe hedhi ilipokoma?
2. Katika kijiji chenu, ni nini kinachowachelewesha akina mama kwenda kupimwa?