Kicheko kilichofikishwa Kisutu

Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan aliweka mtandaoni video fupi. Anatazama picha ya zamani ya Rais John Magufuli, enzi za ujana, amevaa suti pana iliyomzidi mwili, na anacheka. Ndiyo hivyo tu. Polisi walimwita, wakamshikilia kwa siku kadhaa, na mawakili wake wakaeleza kuwa mahojiano yalihusu uonevu wa mtandaoni, kosa lililomo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao. Alipopandishwa kizimbani katika Mahakama ya Kisutu, kicheko hakikutajwa. Alishitakiwa kwa kutumia laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Shitaka hilo limenikaa kichwani kuliko kesi nyingi kubwa zaidi. Sote tunajua laini zinavyosajiliwa nchini. Kijana ambaye namba yake ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, haijatoka husajiliwa na shangazi. Bibi kijijini anatumia laini ya mjukuu. Ulipofika ukomo wa usajili wa alama za vidole, Januari 2020, familia zilifanya kila zilichoweza ili simu zisizimwe, na mwenye kitambulisho akawasajilia wasiokuwa nacho. Kosa lililomfikisha mchekeshaji mahakamani lilikuwa limelala katika nyumba nyingi bila kumsumbua mtu. Liliamshwa na kicheko.

Tangu siku ile nimeacha kutafuta kifungu kinachokataza kumcheka kiongozi. Hakihitajiki. Sheria za simu na kompyuta zikiwa nyingi, na kila moja ikaandikwa kwa upana wa kutosha, siku mkubwa akichekwa kifungu hakikosekani.

Kejeli ya kisiasa Tanzania imeporomoka katika miaka kumi hii, na tulichopoteza ni zaidi ya burudani. Kejeli ilikuwa njia nyepesi kuliko zote ya raia kumwambia mwenye cheo kwamba ameonekana. Mtu asiye na wakili, asiye na mbunge wa kumsikiliza, asiye na ushahidi wa kupeleka TAKUKURU, aliweza angalau kumcheka diwani aliyejenga ghorofa kwa posho isiyotosha kujenga choo.

Uwezo huo hatukuupata magazetini. Aliyekulia bara ameona watani wakiingia msibani. Mmoja anavaa kofia ya marehemu na kuiga mwendo wake wa kuchechemea. Mwingine anatangaza deni la pombe ambalo marehemu amekimbia kulilipa. Wa tatu analala mlangoni, jeneza halitoki mpaka atolewe chochote. Mjane anacheka huku machozi yanamtoka. Utani huu, wa Wanyamwezi na Wazaramo, Wangoni na Wahehe, na wengine wengi, mara nyingi ulizaliwa baada ya vita au katika safari ndefu za misafara, na waliowahi kumwagiana damu walimaliza uhasama kwa kuruhusiana maneno. Una kanuni moja ngumu: anayetaniwa hakasiriki, na akikasirika aibu ni yake.

Wachoraji waliirithi kanuni hiyo. Chakubanga, kikaragosi cha Christian Gregory, alitoka kwenye Uhuru, gazeti la chama tawala, na alipendwa mpaka watu wakawa wanaiita katuni yoyote “chakubanga”. Baadaye wakaja Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa jarida la Sani, Kingo wa James Gayo, na Kipanya wa Masoud Kipanya. Vijana wa Ze Comedy waliiga sauti za wanasiasa na bado wakapewa nafasi kwenye televisheni ya taifa.

Utani huo ulikuwa na kazi. Aprili 2008 Andrew Chenge, Waziri wa Miundombinu wakati huo, alipoulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni 1 zilizokutwa kwenye akaunti ya nje, aliziita “vijisenti”. Neno lile likaingia kwenye daladala, sokoni, kwenye katuni, hata watoto wakawa wanaombana vijisenti vya barafu. Alijiuzulu mwezi huohuo. Mahakama haikumtia hatiani kwa fedha hizo, na utani haukuwa mahakama. Lakini uliliweka swali hai katika vinywa vya watu ambao wasingesoma ripoti ya uchunguzi hata wangepelekewa mlangoni. Hali kadhalika twiga. Mwaka 2010 wanyama hai, twiga wakiwamo, walipakiwa ndegeni kwenye uwanja wa Kilimanjaro (KIA) na kupelekwa Qatar. Kwa miaka mingi ilitosha mtu kusema “twiga kapanda ndege”, na kila aliyesikia alijua kuwa ni habari ya maofisa walioangalia pembeni.

Sisemi enzi hizo kulikuwa na uhuru kamili. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa waziri mamlaka ya kufungia gazeti, na MwanaHalisi lilifungiwa mwaka 2012. Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilizuiwa kuingia nchini baada ya kuchapisha katuni ya Gado iliyomchora Rais Jakaya Kikwete. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba halikusajiliwa, ingawa lilikuwa limeuzwa hapa kwa takriban miaka 20. Hata hivyo, hatari ilibebwa na taasisi. Mhariri aliitwa, gazeti likafungiwa. Kinyozi aliyeikata katuni na kuibandika juu ya kioo chake hakuguswa na mtu.

Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2015, ilimfuata kinyozi.

Walioitunga walikuwa na sababu za kweli. Wizi wa fedha kwa njia ya simu, picha za utupu zinazosambazwa kumkomoa mwanamke aliyeachana na mtu, unyama dhidi ya watoto: haya yalihitaji sheria, na binti yangu nami tungependa itulinde. Tatizo limekaa kwenye vifungu kama cha 16. Kinamtia hatiani anayechapisha taarifa kwenye mfumo wa kompyuta, iwe picha, maandishi au alama, akijua kuwa ni ya uongo, inapotosha au si sahihi, kwa nia ya kukashifu, kutukana au kuupotosha umma. Faini ni kuanzia shilingi milioni 5, kifungo ni kuanzia miaka 3, au vyote viwili.

Litazame neno “akijua”. Liliwekwa kama kinga, na kwa mwandishi wa habari ni kinga: aliyekosea takwimu atajitetea kuwa aliiamini. Mchora katuni hana pa kukimbilia. Anajua fika kwamba waziri hana tumbo la ukubwa wa pipa, kwamba mkurugenzi hakukalia gunia la noti ofisini, kwamba mkuu wa wilaya hana pembe. Kazi yake yote ni kusema jambo la kweli kwa picha isiyo ya kweli. Ukiisoma sheria hii neno kwa neno, mwandishi aliyekosea anaponea kwenye mlango uleule anaponasia mtu wa utani.

Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zikaongeza lingine. Mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 kwa mwaka, na miongoni mwa yaliyokatazwa ni maudhui yanayoudhi. Kanuni zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, na ada zimeshuka. Lakini hakuna fedha yoyote inayoweza kununua kejeli isiyomuudhi mtu, na wengi wa waliokuwa wakiandika kwa kujifurahisha tu, mwalimu wa sekondari mwenye ulimi mkali, mhasibu mstaafu, walifunga kurasa zao na hawakurudi.

Wakati wananchi wakijifunza kunyamaza, wenye vyeo walijifunza jambo tofauti. Usiku wa tarehe 17 Machi 2017, Paul Makonda, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliingia katika studio za Clouds Media akiwa na watu wenye silaha. Kamera za ulinzi ziliwanasa, nchi nzima ikaona. Waziri wa Habari, Nape Nnauye, aliunda kamati, akapokea ripoti, na kesho yake akavuliwa uwaziri. Mkuu wa Mkoa aliendelea na kazi. Siku tatu baada ya hapo mwanamuziki Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake “Wapo”, kisha Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Watu walishangilia. Mimi niliona uchungu, kwa sababu siku ile utani ulihama kutoka kwenye haki na kuwa fadhila. Aliyekamatwa alikamatwa bila kosa, akaachiwa kwa hisani, na aliyeingia studio na watu wenye bunduki hakutiwa hatiani na mahakama yoyote.

Uongozi ulibadilika mwaka 2021, na kulikuwa na matumaini. Magazeti manne yaliyofungiwa yalirudishiwa leseni Februari 2022, na Nape huyohuyo, akiwa waziri tena, ndiye aliyetangaza. Matumaini hayo nayo yalikutana na katuni.

Tarehe 1 Oktoba 2024 The Citizen liliweka mtandaoni katuni ya video. Mwanamke anayefanana na Rais Samia Suluhu Hassan amekaa mbele ya televisheni. Anabadilisha chaneli. Huku mtu analilia ndugu aliyepotea. Anabadilisha tena. Huku mwingine analilia aliyeuawa. Kila chaneli ni kilio kilekile. Siku iliyofuata mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilisitisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi, inayochapisha gazeti hilo, kwa maelezo kwamba maudhui yale yangeweza kudhuru umoja wa kitaifa na amani. Sasa kumbuka Septemba ilivyokuwa. Ali Mohamed Kibao, kada wa chama cha upinzani cha Chadema, alishushwa kwenye basi na watu wenye silaha, mwili wake ukapatikana siku iliyofuata, na Rais mwenyewe akaagiza uchunguzi. Vilio vilikuwepo. Wazazi walikuwepo, na majina yao yalikuwa yameshatajwa magazetini. Kilichozuliwa na mchoraji ni rimoti tu.

Miezi michache kabla, mchoraji kijana mkoani Mbeya alihukumiwa miaka 2 au faini ya milioni 5 baada ya kuonekana kwenye video akichoma picha ya Rais na kumtukana. Wananchi walichanga wakamlipia. Tusi halinifurahishi, na mzazi yeyote angemkemea. Lakini mzani ule unanishinda kuuelewa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ina miaka kumi sasa, na ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” bado unaingia kwenye simu ya mama yangu kila wiki.

Majirani zetu wa Kenya walianza vizuri kuliko sisi. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikibatilisha kifungu cha 29 cha sheria yao ya mawasiliano, kilichokuwa kikiwanasa watu kwa ujumbe wa “kuudhi”, kwa sababu maneno yake hayakuwa na mipaka. Hukumu ile ingefaa isomwe Dodoma. Hata huko haikutosha. Desemba 2024 mchora vivuli Kibet Bull, aliyekuwa akimchora Rais William Ruto, alitekwa, na akaonekana tena Januari. Kifungu kikifutwa na mahakama, bado kuna gari lisilo na namba.

Mtu ataniambia vichekesho vimejaa TikTok kuliko wakati wowote. Ni kweli, na vijana wetu wana vipaji vya ajabu. Sikiliza wanachekesha kuhusu nini. Mke na mchepuko. Mshamba aliyefika Kariakoo. Mpangaji na mwenye nyumba. Mchungaji, mganga, mlevi, mama mkwe. Kicheko kimeshuka ngazi, kinamwangukia asiye na askari. Utani juu ya wakubwa umebaki kwenye makundi ya WhatsApp, na huko nako umepata mazoea mapya. Mtu anatuma katuni, baada ya dakika mbili unakuta “Ujumbe huu umefutwa”, kisha kiongozi wa kundi anaandika: jamani, humu tulisema siasa hapana, mimi nina watoto. Simlaumu. Lakini kejeli iliyofutwa kabla ya kusomwa haimfikii mkuu wa wilaya. Ataendelea kuamini kwamba anapendwa, na bajeti ya kisima itaendelea kuliwa bila hata mtu mmoja kumtazama kwa jicho la kumjua.

Mwaka jana nilikuwa msibani kwa mzee aliyewahi kuwa mtendaji wa kata. Watani walifika mapema. Mmoja wao, mtu mzima, alichukua miwani ya marehemu na faili kuukuu, akaketi kwenye kigoda na kuanza kuwahudumia waombolezaji. “Barua ya utambulisho? Njoo kesho. Kesho umekuja? Mhuri umefungiwa kabatini. Na kabati lina kiu.” Uwanja mzima uliangua kicheko, watoto wa marehemu wakiwa wa kwanza, maana walimjua baba yao. Akainuka aendelee, akiwa ameshaigeuza sauti, nadhani alikuwa anapanda cheo, anamfuata aliye juu ya mtendaji. Ndipo akamwona kijana mmoja pale nyuma amenyanyua simu, anarekodi. Akavua miwani.

“Mjukuu wangu,” alisema, kwa sauti yake mwenyewe, “weka simu chini kwanza.”

Kijana akaiweka. Mzee alisubiri kidogo, akatazama huku na huku, kisha akairudisha miwani juu ya jeneza na kukaa.