Biashara ikianguka: namna ya kushika moyo na kushika hesabu

Hapa Goma, mtu akisema "nilianguka", watu wengi hawaulizi kama ni kwa pikipiki. Wanaelewa mara moja kwamba mtaji umeisha. Na karibu kila mufanyabiashara wa mji huu amekwisha kusema neno hilo, mara moja ao mara nyingi.

Tuhesabu kidogo. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, volkano Nyiragongo ililipuka, na moto wake ukapita katikati ya mji. Maduka na depo zikafunikwa na mawe. Mwezi wa tatu 2020, juu ya Corona, mpaka wa Rwanda ulifungwa, na wamama wenye walikuwa wanavuka kila asubuhi na vitunga kwa Barrière ndogo wakabaki nyumbani. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo tena. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, vita ilipofika ndani ya mji, mabanki yakafunga milango, na akiba ya watu wengi ikabaki kule ndani.

Kwa hiyo, tukisema juu ya moyo wa kufanya biashara, hatuzungumzi juu ya maneno matamu ya seminari. Tunauliza jambo moja tu: kwa nini mtu mmoja anaanguka na kusimama tena, na mwingine mwenye alikuwa na mtaji uleule hasimami?

Akili ya biashara inafundishwa

Wengi wanasema mtu anazaliwa na biashara ndani ya damu. Kuna utafiti mkubwa unaoonyesha kwamba si hivyo tu. Ulifanyika Lomé, kule Togo, na matokeo yake yakatoka mwaka wa 2017 katika jarida Science. Watafiti walichukua wafanyabiashara wadogo 1.500 na kuwagawa makundi matatu. Kundi la kwanza halikupata mafundisho. La pili lilifundishwa mambo ya kawaida: hesabu, kuuza, kupanga pesa. La tatu lilifundishwa namna ya kufikiri: kuanza jambo bila kungoja kusukumwa, kutafuta tofauti na jirani, kutazama mbele, na kutokuacha kwa kizuizi cha kwanza.

Waliwafuata zaidi ya miaka miwili. Faida ya kundi la tatu ilipanda kwa 30 kwa mia kuliko ya wale wenye hawakufundishwa. Kundi la hesabu lilipanda 11 tu kwa mia, na tofauti hiyo ilikuwa ndogo sana hata haikuweza kuhakikishwa. Kwa wanawake, mafundisho ya kufikiri yalipandisha faida kwa 40 kwa mia.

Hiyo haimaanishi hesabu ni bure. Inamaanisha kwamba kaye peke yake haitoshi kama mwenye kuiandika anafanya tu sawa jirani yake. Tazama njia moja ya soko: wamama kumi wamepanga nyanya, bei moja, saa moja, fungu moja. Mwenye kufikiri anajiuliza: nani hapa anahitaji nyanya na hawezi kufika sokoni? Restora iko wapi? Nikiuza nyanya pamoja na kitunguu na pilipili, sombe ya mteja itapikwa haraka? Maswali kama hayo hayaombi mtaji mupya.

Mtaji unaoliwa polepole

Si kila biashara inaangushwa na vita ao volkano. Nyingi zinakufa ndani ya nyumba, bila kelele. Tuseme mama mmoja anauza sambaza. Ananunua za 150.000 franka, anauza zote 180.000. Anafurahi: nimepata 30.000! Lakini usafiri, mifuko na takse ya soko vimekula 8.000. Faida ya kweli ni 22.000. Siku hizo nyumba imekula 25.000. Kwa hiyo mtaji umeshuka kwa 3.000, na hakuna mwizi aliyepita.

Akizunguka hivyo mara ishirini, amepoteza 60.000, na mtaji umebaki 90.000. Kwa kweli inakwenda haraka zaidi, kwani mtaji ukipunguka, faida nayo inapunguka, lakini watoto wanakula sawa na zamani. Siku moja anasema: "Biashara iko nguvu, wamenifanyia kitu." Hakuna aliyemfanyia kitu. Alikuwa anakula mtaji akifikiri anakula faida.

Dawa yake inajulikana, hata kama ni chungu. Jilipe kiasi kimoja kinachojulikana, kidogo kuliko faida ya kweli. Mfuko wa nyumba na mfuko wa biashara visikutane. Shemeji akija kuomba deni la sukari, jibu litoke kwa mfuko wa nyumba. Hapo moyo unahitajika kweli, kwani kumukatalia mtu wa jamaa ni nguvu kuliko kubeba gunia.

Kujitayarisha mbele ya kuanguka

Uvumilivu hauanzi siku ya msiba. Unaanza siku soko linaenda vizuri. Mtu mwenye ameweka pesa yote kwa bidhaa moja, mahali pamoja, njia ikifungwa, hana kitu. Mwenye ana sehemu kwa bidhaa, sehemu kwa kuku ao shamba, na sehemu kwa likelemba ao kundi la akiba, anaumia, lakini habaki mikono mitupu.

Makundi ya akiba, yale tunaita AVEC, yalianza Niger mwaka wa 1991 pamoja na shirika CARE, kisha yakaenea Afrika nzima mpaka Kivu. Namna yake ni nyepesi. Watu 15 mpaka 25 wenye wanajuana wanakutana kila juma, kwa mfano kila siku ya posho. Kila mmoja ananunua sehemu moja mpaka tano. Pesa zinaingia ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu mbalimbali, ili mmoja asifungue peke yake. Kundi linakopesha wanamemba, na kando kuna pesa ndogo ya kusaidiana wakati wa ugonjwa ao kilio. Mwisho wa mwaka, wote wanagawana akiba na faida ya mikopo.

Mabanki yalipofungwa hapa Goma, wengine walivuka mpaka Gisenyi kutafuta namna ya kutoa pesa. Sanduku la kundi halikungoja banki. Lakini tuseme ukweli: sanduku nalo linaweza kuibiwa. Ndiyo sababu makundi yenye akili hayaachi pesa nyingi zilale ndani. Yanazikopesha ili zifanye kazi.

Kuvumilia si kukaidi

Hapa kuna hatari ya maneno haya ya kutia moyo. Kijana ameanguka, anaambiwa "usikate tamaa, endelea tu!" Anakopa tena, anarudia jambo lilelile, anaanguka tena, na sasa ana deni. Yule aliyemutia moyo hatalipa deni hilo.

Kwa hiyo weka mpaka mapema, kabla moyo haujawaka. Andika: nikipoteza kiasi hiki, ao miezi mitatu ikipita bila faida, ninasimama na kufikiri upya. Kuacha bidhaa isiyouzika si kushindwa. Unaacha njia, hauachi safari. Na ukianguka, uliza kwa utaratibu: kilichoniangusha ni nini? Kama ni bei niliyopanga vibaya, naweza kubadilisha. Kama ni takse nyingi ao njia yenye vizuizi, siwezi peke yangu. Hapo inafaa wauzaji wakusanyike na kusema pamoja. Mtu asibebeshwe kosa la vita kwa kuambiwa kwamba hakuwa na akili ya biashara.

Jambo la mwisho ni haya. Wengi, wakianguka, wanajificha. Wanabadilisha njia ili wasikutane na mwenye kuwadai. Siku hizo za kujificha ndizo zinaua biashara kwa kweli. Mwenye kwenda mwenyewe kwa mwenye depo na kumwambia, "Papa, siwezi kulipa yote, lakini kila juma nitaleta kidogo," na akaleta kweli, mara nyingi anakopeshwa tena bidhaa. Amepoteza mtaji wa pesa, lakini jina lake limebaki. Na hapa kwetu, mahali banki imefungwa na njia imekatika, jina ndilo watu wengi wanatumia kuanza tena.