Zambarau ni Salama

Kipimo chenyewe kinaingia mfukoni. Ni mirija miwili laini ya plastiki, na ndani ya kila mmoja vijichupa vya kioo vyembamba mno. Afisa wa mazingira wa kampuni ya umeme hutia mafuta ya transfoma kidogo kwenye mrija wa kwanza, akaubana kwa vidole mpaka vijichupa vivunjike, kisha akautikisa. Sodiamu iliyokuwa imefichwa humo hung'oa klorini yote kutoka kwenye mafuta. Maji ya mrija wa pili huipokea hiyo klorini. Halafu huvunjwa kijichupa chenye kipimo maalumu cha zebaki, na mwisho kile chenye rangi.

Hapo ndipo pa kutazama. Klorini ikiwa haba, zebaki hubaki huru, ikakutana na rangi, na maji yakageuka zambarau iliyokolea. Klorini ikiwa nyingi huiwahi zebaki yote, rangi ikakosa mwenzake, na maji yakabaki meupe pe, au manjano hafifu. Zambarau ni salama. Maji maangavu ni balaa. Katika jiji kama Nairobi, ambamo mtu huinua chupa ya maji juani kabla ya kulipa, aone kama ni safi, kipimo hiki kinapingana na macho.

Kinachowindwa ni PCB, jamii ya kemikali zilizoanza kutengenezwa kibiashara mwaka 1929 na kupendwa sana na watu wa umeme kwa sababu hazishiki moto upesi. Baadaye ikajulikana kwamba haziozi, hujilimbikiza kwenye mafuta ya mwili, na ni hatari kwa afya. Kenya iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004. Mkataba huo uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa kutumia vifaa vyenye PCB, na 2028 kwa kushughulikia taka zake. Mstari unaoogopwa ni sehemu 50 kwa milioni: gramu 50 katika tani nzima ya mafuta.

Basi si rahisi kusoma kibati cha kiwandani na kuziacha transfoma zilizojazwa mafuta ya kawaida? Mtu wa kazi hii hakiamini kibati. Mafuta ya transfoma huchujwa na kuongezwa, na miaka nenda miaka rudi pampu ile ile na mpira ule ule hutoka transfoma moja kwenda nyingine. Moja ikiwa na PCB, mpira huibeba hadi ya pili, ya tatu, ya kumi. Ndiyo maana maswali yake ya kwanza kwa fundi hayahusu transfoma yenyewe. Ilifunguliwa lini? Iliongezwa mafuta kutoka pipa gani? Pampu ilitoka wapi? Na kipimo kikitoka cheupe bado hapigi kelele, kwa maana klorini yaweza kuwa imetoka kwenye chumvi au uchafu tu. Sampuli hupelekwa maabara ndipo ukweli ujulikane.

Wakenya wanavijua zaidi vita vya leseni za mazingira vyenye kishindo. Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ambayo NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iliipa kampuni ya Amu Power kwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 kule Lamu, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Upande wa pili wa kazi hii hauna mabango wala waandamanaji. Ni ukaguzi wa kila mwaka unaodaiwa na sheria ya mazingira ya 1999, ni sakafu ya zege yenye ukingo ili pipa likivuja mafuta yasifike kwenye udongo, ni kanuni za taka zinazotaka anayesafirisha taka awe na leseni na taka yenyewe iwe na fomu ya kuifuata safari nzima. Pipa moja kuukuu, karatasi rundo.

Yanayoivuruga hesabu hiyo yote ni ya usiku. Katika mitaa ya Nairobi kama Kawangware na Kangemi transfoma huning'inia nje, juu ya vibanda na vichochoro. Mwizi hahitaji leseni wala fomu; hufungua valvu, akakinga mtungi. Transfoma iliyonyonywa mafuta hupata joto, ikaungua, mtaa ukalala gizani. Mwaka 2014 vyombo vya habari vya nje viliripoti kwamba mafuta yanayoibwa hivyo nchini Kenya yalikuwa yakiuzwa kwa wakaanga vyakula wa kando ya barabara, kwa sababu hustahimili karai kuliko mafuta ya kupikia. Ni haki kusema kwamba wauza chipsi wengi hununua mafuta yao dukani kama kila mtu, na mteja hana namna ya kuwatofautisha.

PCB jikoni si hofu ya kubuni. Mwaka 1968, magharibi mwa Japani, kemikali hizo zilivuja ndani ya kiwanda cha mafuta ya kupikia ya pumba za mchele. Kuku waliolishwa mabaki ya kiwanda hicho walitangulia kufa, kisha watu wakaota vipele vyeusi na macho kutoa uchafu. Mwaka 1979 jambo hilo hilo likatokea Taiwan.

Kuna kejeli ndogo hapa: siku hizi yako mafuta ya transfoma yanayotokana na soya. Hayana PCB na hayashiki moto upesi. Asili yao ni mmea ule ule unaojaza vibuyu vya mafuta madukani, ingawa yakishapita kwenye transfoma si chakula tena.

Chini ya mlingoti ulionyonywa, afisa hufanya anachoweza. Udongo mweusi huchimbwa na kutiwa kwenye pipa. Mafuta yaliyosalia kwenye tangi hutiwa kwenye mrija, na tuseme maji yamegeuka zambarau. Hiyo ni heri, kwa mtaa huo, kwa usiku huo. Yakibaki meupe, fomu ya kufuatilia taka ina nafasi ya mwenye taka, ya msafirishaji na ya mpokeaji. Nafasi ya kwanza itajazwa bila taabu. Hizo mbili nyingine zijazwe jina la nani?